Maswali ya Wasomaji: Mkia wa Nyangumi

Mhariri, salamu. Agosti tulitoka Msasani kwa boti kutazama nyangumi. Mmoja aliinua mkia wote juu, akazama, na nahodha akatuambia tusubiri tu. Tulimtisha? (Msomaji, Mikocheni)

Hapana, alikuwa anapiga mbizi ya kwenda chini sana. Nyangumi wanaoonekana pwani yetu kuanzia Julai hadi Oktoba wengi ni wale wenye nundu, wanaotoka maji baridi ya Antaktika kuja kupandana na kuzaa huku kwenye joto. Aliyekomaa ana urefu wa mita 13 hadi 15 na uzito wa tani 25 hadi 30. Ili mwili huo uende chini, hukunja mgongo na kuinua mkia hewani. Uzito wa mkia ulio nje ya maji ndio unaomsukuma kichwa chini.

Kwa hiyo mtazame mgongo. Ukipinda kidogo na mkia usionekane, ataibuka tena baada ya muda mfupi. Ukipinda sana na mkia ukafuata, hesabu dakika 5 hadi 15, pengine zaidi. Nahodha wenu anaijua kazi yake.

Pale alipozamia hubaki duara la maji laini, kama mtu amemwaga mafuta ya kupikia, huku pembeni viwimbi vinaendelea. Linatokana na maji yanayosukumwa juu na pigo la mkia. Wengi hukosea hapa: wanaendesha boti hadi kwenye duara, na mnyama akiibuka wanakuwa juu yake. Duara linaonyesha alipokuwa, si alipo. Kaeni mita 100 kando, gia iwe huru, na macho yazunguke pande zote.

Na anapopiga maji kwa mkia mara nyingi, paa! paa!, maana yake nini? (Msomaji, Kigamboni)

Maana si moja. Kishindo hicho husafiri mbali chini ya maji, na nyangumi hukitumia kuwasiliana. Madume yanayogombea jike hukipiga, na mama mwenye ndama hukipiga akisumbuliwa. Linalowahusu ninyi ni wakati: kikianza baada ya boti kusogea, hasa kama kuna ndama, jibuni kwa kuondoka polepole. Msimpite mbele, wala msiingie kati ya mama na mtoto. Ndama wa siku chache ana mita 4 hivi na hutegemea maziwa ya mama. Kila dakika mnayowakimbiza inawala nguvu wote wawili.

Akirusha sehemu yote ya nyuma kiubavu, nje ya maji, hapo mara nyingi kuna ugomvi. Ongezeni umbali mara moja.

Nipigeje picha ya mkia ili isaidie watafiti? (Msomaji, Kariakoo)

Kaa nyuma yake, kwa sababu kinachotakiwa ni upande wa chini wa mkia. Madoa meupe na meusi, makovu, na ukingo wa nyuma wenye meno kama msumeno hutofautiana kwa kila nyangumi, kama alama za vidole vyetu. Weka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, anza kupiga mgongo unapopinda, na uendelee mfululizo. Ukisubiri mkia usimame ndipo ubonyeze, utapata maji tu. Picha ya ubavuni haifai, na jua likiwa mbele yako mkia hutoka mweusi wote. Andika tarehe, saa na mahali, kisha ipeleke kwenye tovuti ya Happywhale, inayolinganisha picha za mikia. Kusi likivuma, tokeni asubuhi mapema kabla bahari haijachafuka.

Mwenzangu anashikilia kuwa papa potwe wa Mafia ni nyangumi. (Msomaji, Temeke)

Ni samaki, anapumua kwa matamvua. Mkia wa nyangumi umelala, hauna mifupa kwenye mabawa yake, na hupiga juu na chini. Ukiona mkia umesimama wima na unachapa kushoto na kulia, huyo ni papa.