HardFault UART ikipokea data mfululizo: kagua steki ya interapti

Salaam ndugu. Umesema bodi yako ya Cortex-M4 yenye FreeRTOS (mfumo endeshi mdogo unaogawa kazi katika taski) huanguka kwa HardFault (hitilafu kubwa ya prosesa) UART, yaani lango la mawasiliano ya serial, ikipokea data mfululizo, na kuongeza steki (kumbukumbu ya muda) ya taski hadi 2048 hakujasaidia.

Hakutasaidia, maana msimbo wa interapti (unaokatiza taski kifaa kama UART kinapohitaji kuhudumiwa) hautumii steki hiyo. Taski hutumia PSP (kielekezi cha steki ya taski), interapti hutumia MSP (kielekezi cha steki kuu). Kinachowekwa kwenye steki ya taski ni fremu ya kwanza tu (rejesta zinazohifadhiwa interapti inapoingia): baiti 32, au 104 kama taski inatumia FPU (kitengo cha hesabu za desimali). Mengine yote, pamoja na interapti zinazopandana, yanakula MSP.

Kwanza angalia kama ndani ya interapti kuna sprintf au kitu kama char buf[512]. Kiondoe. Peleka baiti kwenye foleni kwa xQueueSendFromISR, uchakataji ufanyike kwenye taski. Hakikisha pia namba ya kipaumbele cha UART si ndogo kuliko configLIBRARY_MAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY (kikomo cha interapti zinazoruhusiwa kuita FreeRTOS).

Kisha pima. Kabla ya main, jaza eneo la MSP kwa 0xA5A5A5A5, endesha kwa mzigo mzito, simamisha kwa dibaga, uone kuanzia chini ni kiasi gani hakijaguswa. Usitegemee configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW, hukagua steki za taski pekee.

Na hili huwapotosha wengi sana: vTaskStartScheduler (inayoanzisha taski) huirudisha MSP mwanzoni mwa steki, hivyo interapti huandika juu ya vigeu vya ndani vya main. Kama bafa yako umeitangaza humo, ifanye static.

Ikiendelea kuanguka, bandika thamani za CFSR (rejesta inayoonyesha sababu ya hitilafu) na MSP.