Ziwa Tanganyika halitajaza tenki la gari: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Mwanga

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nimepata kiinua mgongo changu na nataka kununua gari litakaloniingizia chochote. Siku za kawaida nitazunguka mjini, Ujiji na Kibirizi, na mara mbili kwa wiki nitapeleka abiria na mizigo Kasulu. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam anasema nisiguse tena gari la petroli, ninunue la umeme lililotumika kutoka Japani. Jirani yangu naye kasoma kwamba magari ya kesho yatatumia haidrojeni inayotolewa kwenye maji, na sisi tuna ziwa zima hapa, kwa hiyo nivute subira. Nisubiri, ninunue la umeme, au nichukue Noah ya petroli kama wenzangu?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Naomba nianze na hilo la ziwa, kwa sababu naulizwa mara nyingi hapa Kigoma, na anayeuliza huwa ana hoja nzuri kuliko anavyodhaniwa.

Ni kweli haidrojeni imo ndani ya maji. Chukua ndoo moja ya lita 20: ndani yake mna haidrojeni ya kilo 2 na zaidi kidogo. Toyota Mirai, gari la haidrojeni lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2014, hutembea karibu kilomita 100 kwa kilo moja. Maana yake ndoo hiyo moja ingekupeleka Kasulu na kukurudisha. Kwa hiyo upande wa maji jirani yako hajakosea hata kidogo. Hata Kigoma nzima ikiendesha magari ya haidrojeni, ziwa lisingejua kama kuna kitu kimechotwa.

Tatizo ni kwamba maji si mafuta. Ndani ya maji, haidrojeni imekwisha kuungana na oksijeni, yaani imekwisha kuungua. Maji ni majivu ya haidrojeni, na majivu hayaivishi ugali. Ukitaka kuirudisha haidrojeni katika hali ya kuungua tena, lazima uirudishie nguvu yote iliyoipoteza, na juu yake uongeze ile inayopotea njiani. Nguvu hiyo ni umeme. Mitambo ya leo ya kupasua maji inakula uniti 50 hadi 55 kupata kilo moja ya haidrojeni. Hapo bado gesi ni nyepesi mno, haikai kwenye tenki mpaka ishindiliwe. Tairi la gari dogo tunalijaza PSI 32 hivi. Tenki la Mirai hujazwa hadi PSI 10,000. Kushindilia kiasi hicho nako kunataka umeme, kwa hiyo hesabu yako inafika karibu uniti 60 kwa kilo.

Halafu, na hili wengi hawalijui, gari la haidrojeni ni gari la umeme. Ndani yake mna kifaa kinachokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani, kinatoa umeme, na umeme huo ndio unaozungusha mota. Katika kubadilisha huko karibu nusu ya nguvu inaishia kuwa joto. Sasa linganisha: gari dogo la umeme linalochajiwa moja kwa moja kwenye soketi linatumia kama uniti 18 kwa kilomita 100, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji. Lile la haidrojeni limekula 60 kwa safari ileile. Ni zaidi ya mara tatu, na hakuna fundi awezaye kuliondoa pengo hilo lote, kwa sababu sehemu kubwa yake ni sheria za maumbile.

Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, ile ambayo shilingi 1,000 inakupa uniti 2.8, uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Uniti 60 ni shilingi 21,000 na ushee, na hapo hujanunua mtambo, hujamlipa mtu, wala hujaweka faida ya mwenye kituo. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 14 au 15 kwa lita litamaliza lita 7 katika kilomita hizo 100. Tukiiweka lita kwenye shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi hutangazwa na EWURA kila mwezi, unaijua), ni shilingi 21,000. La umeme ni shilingi 6,400 tu.

Ndiyo maana nasema usisubiri haidrojeni kwa gari dogo. Si ndoto ya kesho tena, imekwisha jaribiwa kwa miaka zaidi ya kumi na nchi zenye fedha. Mwaka 2024 kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya kujazia haidrojeni magari madogo kule California, mahali ambapo haidrojeni ilibembelezwa kuliko pengine pote Marekani. Na haidrojeni nyingi inayotengenezwa duniani leo haitoki kwenye maji, inatoka kwenye gesi asilia, na hewa ya ukaa inatoka vilevile. Itakuwa na kazi zake: viwanda vya mbolea, viwanda vya chuma, pengine meli na malori mazito ya safari ndefu. Kubeba abiria kwenda Kasulu si mojawapo.

Sasa mwanao. Mwelekeo kaupata sawasawa. Norway mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Ethiopia, wenzetu wenye kipato kinachofanana na chetu, mwaka huohuo walizuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa hesabu rahisi: mafuta wananunua kwa dola, umeme wanao kwenye mabwawa yao. Na sisi tunao. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115. Treni za SGR zinakwenda Dar hadi Dodoma kwa umeme tangu 2024.

Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mtu angeleta gari la umeme hapa wakati ule, angekuwa anachoma dizeli kwa njia ya mzunguko. Mkoa ulipoanza kuungwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, hesabu ilibadilika, na mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 ukikamilika itabadilika zaidi. Kwa hiyo wala sibishani na kijana. Ninachobishana naye ni gari analotaka ununue.

Magari ya umeme yaliyotumika ambayo bei yake inafikika mengi ni Nissan Leaf za mwanzo. Ni gari zuri, limetulia barabarani, halina giaboksi ya kusumbua wala oili ya injini ya kubadilisha. Lakini za mwanzo zina betri ya uniti 24, na betri hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu. Betri ya aina hiyo hupoteza uwezo wake kwa miaka na kwa joto. Ukiwasha Leaf, tazama upande wa kulia wa dashibodi, kwenye kipimo cha chaji. Pembeni ya vile vipande virefu vinavyoonyesha chaji iliyopo kuna vipande vidogo vyembamba, 12 vikiwa kamili. Hivyo vyembamba ndivyo umri wa betri. Cha kwanza kikipotea, betri imekwisha poteza karibu asilimia 15. Vinavyofuata kila kimoja ni asilimia 6 hivi. Gari lenye vipande 8 limebakiwa na theluthi mbili ya betri. Uniti 24 zimekuwa kama 16, na hizo zote hutazitumia, kwa sababu gari hujiwekea akiba.

Uniti 14 kwenye tambarare, ukiendesha taratibu peke yako, ni kilomita 90 hivi. Kasulu iko umbali huohuo au zaidi, na barabara yenyewe inapanda kutoka ziwani. Mlima una bei yake: kila mita 100 za kupanda, gari la tani mbili pamoja na abiria wake linataka zaidi ya nusu uniti ya kunyanyulia tu, mbali na ile ya kulisukuma mbele. Wakati wa kurudi sehemu ya nguvu hiyo hurejea, maana mota hugeuka jenereta kila unapoteremka, na breki zako zitadumu kuliko za Noah yoyote. Ila huwezi kukopa nguvu ya kuteremka ili upandie. Utaishia njiani na abiria ndani, na hakuna wa kukuletea umeme kwenye kidumu.

Wanaouza magari haya mtandaoni huandika umbali gari lilioweza kwenda lilipokuwa jipya. Usiusome kabisa huo.

Ningekujibu tofauti kabisa kama kazi yako ingekuwa mjini tu. Mwanga hadi Ujiji na kurudi, Kibirizi, sokoni, tuseme kilomita 40 kwa siku: hapo hata Leaf yenye vipande 9 au 10 inatosha, na kwa mwezi utaokoa fedha utakayoiona kwa macho. Kwa kweli ningependa kuona bodaboda na bajaji za mji huu zikitangulia kabla ya magari. Zinakimbia mwendo mfupi, zinasimama kila mara, na nyingi zinatumia betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, ambazo huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile za Leaf za mwanzo. Vijana wetu wa bodaboda wanaacha sehemu kubwa ya jasho lao kwenye pampu ya petroli, na hilo linaniuma kila ninapowaona wamepanga foleni.

Ukifikia kununua la umeme, sasa au baadaye, ushughulikie nyumba kabla ya gari. Kilomita 40 kwa siku ni uniti 7 hivi, zaidi ya 200 kwa mwezi. Kama LUKU yako iko kwenye daraja la nafuu la uniti zisizozidi 75, gari litakutoa humo, na uniti zote za nyumba zitapanda bei, taa na friji vilevile. Iingize kwenye bajeti mapema. Pia usichaji gari kwa ekstensheni. Soketi ya kawaida inahimili pasi ya dakika kumi. Gari linavuta usiku kucha, saa nane au tisa mfululizo, na kiungo kilicholegea hupata moto mpaka plastiki inayeyuka. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 4 au 6, breka yake yenyewe, swichi inayokata umeme ukivuja, na eathi iliyopimwa na fundi mwenye kipimo mkononi. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zina eathi ya jina tu.

Kwa kazi uliyoniandikia, yenye Kasulu mara mbili kwa wiki na mizigo, ushauri wangu ni Noah, na ukiipata ya haibridi yenye hali nzuri chukua hiyo. Haibridi haichomekwi popote. Inajaza petroli kama kawaida, ila mota husaidia injini wakati wa kuondoka na kupanda, na breki hurudisha umeme kwenye betri ndogo. Mjini ndiko inakookoa zaidi. Njia ndefu tofauti ni ndogo. Ina ugonjwa mmoja ambao kwenye vumbi letu huja haraka: feni inayopoza betri huvuta hewa ya ndani ya gari, na tundu lake huziba vumbi na nyuzi za mazulia. Betri hupata joto, taa inawaka, na mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Kabla ya kukubali kununua betri, fungua feni ile uisafishe. Kwako wewe, isafishwe kila unapobadilisha oili.

Petroli haitatoweka ukiwa na Noah hiyo. Gari linaloingia nchini leo litakuwa barabarani miaka mingi ijayo, na vipuri vya Noah vinapatikana Kigoma nzima. Kinachoweza kubadilika ni bei yako ya kuuza: magari ya petroli yatashuka thamani kadiri ya umeme yanavyozidi kuingia. Kwa hiyo usimalizie kiinua mgongo chote kwenye Noah ya bei ya juu. Fedha hii inakuja mara moja maishani, Mwalimu. Chukua ya wastani, ifanyie kazi, weka akiba, na baada ya miaka mitano au sita uangalie tena magari ya umeme yenye betri ya uniti 40 na kuendelea. Wakati huo yatakuwa yameanza kufika kwa bei inayofikika.

Na kama kijana ameshakutafutia Leaf na moyo wako umeielekea, usitume fedha kabla ya kupata picha mbili kutoka kwa muuzaji: dashibodi likiwa limewashwa na chaji imejaa, vile vipande vyembamba vikionekana vyote, na kibao cha namba ya chesisi, ambayo kwayo mwaka wa kutengenezwa hutafutwa. Akikataa kupiga picha ya dashibodi, achana na gari hilo.