Mi ningeanza na Mpangile

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, ukipewa jukwaa na waigizaji, ungemtungia tamthilia shujaa gani wa enzi za mkoloni? Mi jibu ninalo tangu shule. Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ila sio vitani, nyumbani kwa ndugu yake Mpangile.

Sekondari hapa Dodoma tuliwahi kumuigiza, mi nikapakwa sembe uso mzima niwe Mjerumani, na lile joto la mwezi wa kumi nikafika jukwaani nna uji kwenye kope, ukumbi ukavunjika mbavu (na sisi Wagogo na Wahehe ni watani, basi mnaelewa). Vita ya Lugalo ya 1891 tuliicheza karibu nusu saa, mikuki ya fito, Zelewski kamanda wa Wajerumani akafa mara mbili maana mara ya kwanza alicheka. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka 1894, alafu msimulizi akasoma kamstari kamoja, Wajerumani walimpa Mpangile utawala kisha wakamnyonga, basi tukasonga mbele. Mama mmoja muuza karanga aliyesimama mlangoni akasema kwa sauti, "Heee, si ndugu yake huyo? Mbona mmempita hivo?"

Yaani tulimpita kweli. Mkwawa yuko porini anawindwa, kichwa chake kimetangaziwa rupia 5,000, ndugu yake anakalishwa kwenye kiti mwisho wa 1896 na wale wale waliobomoa ngome, alafu haijaisha hata miezi mitatu wanamnyonga eti anamsaidia Mkwawa kisirisiri. Sasa ile siku anapewa cheo, jioni alimwambia nini mkewe? Usiku mbwa akibweka, anaomba awe ni ndugu yake au anaomba asiwe yeye?

Ningeiweka yote ndani ya nyumba moja. Mkwawa mwenyewe simtoi hata mara moja, kila jioni mwanamke anamega ugali anaufunika na ungo pembeni, hasemi wa nani. Najua wengi mtataka fuvu lake Mkwawa lililorudishwa toka Ujerumani 1954 akapokea mjukuu wake Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika, ila hilo lipo makumbusho Kalenga, nendeni mkalione. Mi naishia 1898, habari imefika kwamba Mkwawa kajipiga risasi huko Mlambalasi, na yule mama kashamega ugali, kashika ungo.

Na Mjerumani safari hii asipakwe sembe, zisikike buti tu huko nje.