Mpango wa kisukari: "nafuu" au "una tija"?

SWALI: Niko Tanga mjini, ofisi inayosimamia zahanati. Nafasiri muhtasari wa wachumi wa afya waliolinganisha huduma ya kisukari iliyopo na mpango mpya wa kuwafuatilia wagonjwa kwa karibu. Penye "cost-effective" niliandika mpango mpya "ni wa gharama nafuu". Mkubwa wangu akauliza mbona jedwali linaonyesha unagharimu zaidi, akasahihisha: "una ufanisi wa gharama". Nani kapatia? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Mkubwa wako kapatia swali, jibu kalikosa.

"Nafuu" ni neno la Kiarabu kwa asili, la ukoo mmoja na "manufaa", na faida ndiyo maana yake ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu hata kama dawa imemfilisi. Soko ndilo lililolibana: siku hizi "gharama" na "nafuu" zikikaa pamoja, msomaji haoni ila fedha kidogo. Kwa hiyo sentensi yako, kwa jedwali lile, si kweli.

"Ufanisi wa gharama" nao, usome kwa sauti. Ufanisi wa fundi ni wa fundi; ufanisi wa gharama ni wa nani? Gharama haishiki nyundo.

Mimi ningeandika "mpango una tija kwa gharama yake". Nenda Sahare umsikilize mvuvi aliyenunua wavu wa bei mbaya. Hatasema ni nafuu hata umkabe, ila atakuonyesha samaki. Samaki wa wachumi wako ni miaka ya maisha yenye uzima: kila mwaka unaoongezeka umegharimu shilingi ngapi, na je, inastahili?

Hapo ujihadhari na "mpango unaokoa fedha", maana hiyo ni habari nyingine kabisa. Uingereza kuna utafiti maarufu wa kisukari, UKPDS, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 kuanzia 1977 na kutoa matokeo makuu 1998. Kwa wagonjwa wanene, dawa ya metformin ilirefusha maisha na jumla ya gharama ikashuka: hiyo ndiyo kuokoa fedha. Kuidhibiti sukari kwa ukali kwa insulini na vidonge vingine kulipandisha gharama ya matibabu, ingawa matumizi ya kutibu madhara ya kisukari yalipungua. Hapo unahesabu tija, huhesabu akiba. Hata "mpango unalipa", ninavyolipenda, lingempa mhasibu wako matumaini ya bure.

"Modeli", yaani hesabu ya wachumi ya kukadiria yatakayotokea, liache lilivyo. "Kielelezo" litamfanya msomaji atafute picha.

Na jambo dogo: usiandike "sukari ikipanda" katika aya ya gharama. Andika "sukari ya mgonjwa ikipanda", la sivyo msomaji wa Ngamiani atadhani umeshahamia dukani.