Diski ya GB 9.1 inasomeka GB 4

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina kompyuta ya Sun SPARCstation 20 yenye mfumo endeshi wa Solaris 8. Nimenakili diski yake ya GB 4.2 kwa dd (amri inayonakili diski nzima jinsi ilivyo) kwenda diski ya GB 9.1, lakini format, programu ya kupanga diski, bado inaonyesha GB 4. Je, diski ni mbovu?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Diski ni nzima. Solaris inaamini lebo, yaani maelezo ya vipimo na migawanyo ya diski, iliyoandikwa kwenye sekta 0 (ya kwanza kabisa), nayo dd imeinakili pamoja na data. Kwa hiyo diski kubwa imevaa vipimo vya ile ndogo: silinda, vichwa na sekta.

Itunze diski ya zamani, ndiyo akiba yako. Kwenye alama ya ok, inayotokea kabla Solaris haijawaka, andika boot cdrom -s ili kuwasha kwa CD ya Solaris, kwa sababu format inakataa kubadili lebo ya diski inayotumika. Fungua format, chagua diski kubwa, andika type, kisha 0, yaani Auto configure. Hapo diski yenyewe huulizwa ukubwa wake. Sasa andika label. Wengi husahau hatua hii, na wakitoka kila kitu kinarudi kama zamani.

Ndani ya menyu ya partition ya format, inayogawa diski, sehemu ya 2 ni diski nzima, usiiguse. Nyingine zisipandane. Tengeneza mifumo ya mafaili kwa newfs, hamisha data kutoka diski ya zamani kwa ufsdump na ufsrestore, halafu weka kianzishi (programu ndogo ya kuwashia mfumo) kwa installboot. Ukirudia dd ya diski nzima, lebo mbovu itarudi.

Ukiona takriban GB 8.4, usihangaike: kiwanda huhesabu GB kwa baiti bilioni, Solaris kwa baiti 1,073,741,824.