Mtoto akija Bengaluru atakula wapi? Jibu langu kwa shangazi

Shikamoo shangazi. Juzi uliponipigia kutoka Muheza nilikuwa kwenye basi, nikakujibu kwa mkato kwamba chakula kipo, usiwe na wasiwasi. Nilipofika nyumbani moyo ulinisuta. Mtoto wako anakuja kusoma huku India miaka mitatu, na wewe uliuliza mambo matatu ya maana: atakula wapi, nyama ya halali ataipata, na akiingia hotelini watamtazamaje. Nina miaka saba hapa. Ngoja nikujibu sawasawa, na wazazi wengine wanaoniuliza hayohayo wasome humuhumu.

Wahindi tuliokua nao Tanga wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, na chakula chao ndicho tunachokiita cha Kihindi. Bengaluru iko kusini mwa India, ni mji wa Wakannada, mapishi yake ni mengine. Hata hivyo wewe ungeyatambua upesi. Sambar, mchuzi wanaoumwagia karibu kila kitu, ni mbaazi zilizokobolewa, zikapikwa mpaka zikavurugika, zikatiwa ukwaju na mboga. Chatne ya asubuhi ni nazi iliyosagwa. Halafu kuna paddu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya lile karai lenye vishimo nikaona vitumbua vya mama vinageuzwa mbele yangu. Nilipouma nikakuta chumvi, kitunguu na pilipili mbichi; badala ya nazi na sukari, mchele ule umechachishwa pamoja na choroko nyeusi. Nilikula sahani mbili.

Asubuhi basi atakula darshini. Hizi ni hoteli ndogo za kula umesimama, zilienea hapa mjini kuanzia miaka ya 1980, na karibu kila mtaa unayo yake. Unalipa kwanza kwa keshia, unapewa kikaratasi, unakipeleka dirishani, unapewa chakula chako kwenye sahani ya chuma, unasogea kwenye meza ya duara inayokufika kifuani. Idli mbili, yaani vikate laini vya mchele vya mvuke, na vada moja, kama bajia ya choroko, hazizidi sana rupia 60 au 70, na rupia moja hucheza karibu na shilingi 30 za kwetu. Kahawa ni ya maziwa na sukari, inakuja kwenye kikombe cha chuma ndani ya kibakuli, unaimimina huku na huku ipoe. Si kahawa yetu chungu ya kijiweni na kashata, lakini ataizoea, maana mashamba ya kahawa ya Chikkamagaluru na Kodagu yako jimbo hilihili na wanajua kuipika. Akiwa hana pesa ya kutosha aseme "bai-tu" na mwenzake: kahawa moja inagawiwa vikombe viwili. Hakuna anayekudharau kwa hilo. Hata watu wenye magari wanaagiza hivyo.

Jambo moja la kumwandaa: watu wa hapa wanalipa kwa simu mpaka muuza mboga wa barabarani. Mfumo wao unaitwa UPI, ulianza 2016, na pesa inatoka moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Yeye mpaka afunguliwe akaunti ya hapa zitapita wiki kadhaa, kwa hiyo awe na noti ndogondogo. Noti ya rupia 500 saa moja asubuhi inamkwaza keshia.

Mchana atafute mahali palipoandikwa "Meals". Anatandikiwa jani la mgomba, analinyunyizia maji, kisha wanapita na ndoo: wali, sambar, mboga mbili tatu, rasam ambayo ni mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, papadi, na mwisho mtindi. Wali wanaongeza mpaka aseme basi. Mkono ni wa kulia, hilo umeshamfunza. Akimaliza alikunje jani kuelekea kwake, ndiyo ishara kwamba ameshiba.

Ipo pia Vidyarthi Bhavan, pale Gandhi Bazaar, iliyoanza 1943. Jina lake ni nyumba ya wanafunzi, na dosa yao nene, kama mkate wa maji wa mchele na choroko, iliyokauka nje na laini ndani, nimeitamani kila nilipokwenda likizo. Wahudumu wanabeba sahani zimepangana mkononi mpaka begani. Utakaa meza moja na watu usiowajua, na mimi wengi walionifundisha Kikannada changu kidogo niliwapata pale.

Sasa nyama. Hoteli nyingi, pengine na ile ya karibu na chuo chake, zitakuwa na maandishi "Pure Veg". Maana yake hakuna nyama, hakuna samaki, na hata yai halimo. Asiingie na mfuko wenye kuku wa kukaanga aliomnunua kwingine. Kwao ni sawa na mtu kuingia na nguruwe nyumbani kwako. Baadhi ya wenye nyumba pia hawampangishi mtu anayepika nyama, na hilo aliulize kabla ya kutoa pesa ya kodi. Ng'ombe asahau. Sheria ya jimbo la Karnataka iliyoanza kutumika 2021 inakataza kuchinja ng'ombe, dume kwa jike; nyati wa kufugwa anaruhusiwa akishapita miaka 13. Mbuzi na kuku wapo tele. Wakisema "mutton" hapa aelewe ni mbuzi au kondoo. Kwa halali nakuhakikishia: Shivajinagar karibu na soko la Russell, na Mosque Road kule Frazer Town, Waislamu wana hoteli zao za siku zote, na mwezi wa Ramadhani utapata kababu na haleem, inayofanana na bokoboko ya kwetu, kuanzia magharibi. Akitaka samaki wa nazi aende hoteli za watu wa Kerala, jimbo jirani la pwani. Nilipoonja mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, nikakumbuka kwenu.

Tumbo litamsumbua, usishtuke. Mimi wiki ya pili nililala siku mbili. Si uchafu tu kama watu wanavyosema. Ni maji, na ni pilipili ya kila mlo. Mwezi wa kwanza anywe maji ya chupa iliyofungwa, aache pani puri ya barabarani, vile vibonge vya unga vilivyo wazi ndani, kwa sababu vinajazwa maji matupu yenye ladha, na ale panapojaa watu, chakula kikitoka motoni.

Swali lako la tatu ndilo nililolikwepa kwenye simu. Najua nyumbani bado mnakumbuka Januari 2016, mwanafunzi wetu Mtanzania aliposhambuliwa hapa Bengaluru na kundi la watu kwa sababu ya ajali ambayo hakuhusika nayo. Sitakwambia kwamba hayo yamefutika. Mimi binafsi sijaguswa na mtu. Lakini nimetazamwa mpaka chakula kikanishinda. Nimepigwa picha nikiwa na tonge mdomoni. Mwaka wangu wa kwanza mimi na rafiki yangu Msudani tuliingia mgahawa mmoja wa kisasa, wenye viti vya ngozi na taa hafifu. Tulikaa nusu saa. Mhudumu alipita mara tano, akawahudumia waliokuja baada yetu, akapita tena. Tulitoka bila kusema neno, na njiani hatukuzungumza. Iliniuma kuliko nilivyojua kueleza wakati ule, ndiyo maana hamkusikia.

Tangu hapo nimejifunza kitu kuhusu mji huu. Kadiri hoteli inavyojiona kubwa, ndivyo ninavyopimwa mlangoni. Na zile kubwa huongeza ada ya huduma kwenye bili. Mwongozo wa serikali wa 2022 unasema mteja halazimishwi kuilipa, basi asiogope kuikataa kwa adabu. Darshini hakuna mlango wa kupimiwa. Kikaratasi changu kinafanana na cha mtu aliye mbele yangu, na dosa yangu inatoka zamu yangu ikifika. Usiku asiende kula peke yake, waende wawili watatu. Na ajifunze maneno mawili: "Oota aitha?" Maana yake umeshakula? Ndiyo salamu yao. Mlinzi wa jengo letu alikuwa hanitazami usoni mpaka siku nilipomuuliza hivyo. Sasa nikichelewa kurudi ananiuliza yeye.

Nimekuwekea la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nikae. Zipo hoteli za nyama wanaziita "military hotel", za zamani, mabenchi tu na kelele. Pale wanapika ragi mudde: bonge la ugali wa ulezi, jeusi, linang'aa, na mchuzi wa mbuzi pembeni. Ulezi huo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulifika India maelfu ya miaka iliyopita. Wenyeji hawautafuni, wanachovya na kumeza. Mimi nilimega tonge, nikalifinyanga, nikalitoboa kwa dole gumba, nikachota mchuzi. Mzee aliyekaa mbele yangu aliacha kula. Akamwita mpishi kutoka jikoni, akanionyesha nirudie. Nikarudia. Mpishi akafuta mikono, akajaribu, mchuzi ukammwagikia, akajaribu tena ukakaa. Kisha akaniletea bonge la pili na hakuliandika kwenye bili.

Shangazi, mtoto akitua nitakuwa uwanja wa ndege. Kama ni alfajiri ya Jumapili tutapitia Hoskote, watu wanapanga foleni ya biriani ya mbuzi kabla jua halijachomoza. Kama ni siku nyingine, mudde. Asibebe unga, abebe nguo.