Vyuma, madini au metali?

Swali: Wanafunzi wangu wa skuli moja ya Wete wanaandaa bango la sayansi. Kichwa chake: "Sumu ya pamoja ya vyuma katika mapafu". Mwenzangu kasema iwe "madini". Nani kapatia?

Jibu: Hakuna, mwalimu. Chuma ni metali moja tu, ile ya nanga na jembe. Kadimi na nikeli ni metali pia, lakini si chuma. Madini nayo yamezidi upana: tanzanaiti ni madini, lakini si metali. Andikeni metali. Na risasi ikiwamo, semeni "metali ya risasi", maana "risasi katika mapafu" msomaji atadhani mtu kapigwa bunduki.

"Sumu ya pamoja" inasikika kama sinia la pilau, kitu kimoja cha watu wengi. Hali ya kuwa na sumu ni usumu. "Mchanganyiko wa metali" nao una mtego: shaba ya njano ya milango ya Mji Mkongwe ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja, yaani aloi. Maabara hutumia chumvi za metali, mfano kloridi ya kadimi, katika kimiminiko cha kukuzia seli. Wala msiliangushe neno "seli": kilichotokea kwenye kisahani cha maabara bado hakijatokea kifuani mwa mtu. Basi: "Usumu wa metali kadhaa kwa pamoja katika seli za mapafu ya binadamu".

Kazi ngumu iko kwenye vitenzi. Wengi huandika metali "zinazidishana", na hapo ndipo hesabu inapowaumbua. Tuseme metali ni mbili, na kila moja peke yake huacha hai seli 80 kati ya 100. Kama kila moja inafanya kazi kivyake, matarajio ni 0.8 mara 0.8, yaani seli 64. Kuzidisha kumekwishatumika, na hakuna kilichozidi! Zikibaki 40, metali zimetiana makali, kama visu vinavyonoana. Zikibaki 75, makali yamepungua.

Ila msikimbilie "zimepunguzana". Kiambishi -an- kinadai kila upande umemtenda mwenzake. Zinki ikitangulia kuingia, seli hutengeneza metalothionini, protini inayoikamata kadimi. Hapo mtendaji ni zinki. Andikeni "zinki imepunguza makali ya kadimi".